Ameacha Fizikia, sasa ataka kuwaona wahandisi: nimpeleke?

*Mimi ni mkazi wa Likoni, Mombasa. Binti yangu yuko Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa ya wasichana kisiwani, na mdogo wake, msichana vilevile, yuko Gredi ya 9. Huyu mkubwa ameleta barua ya programu ya wiki mbili katika likizo ya Agosti, ambapo wasichana watapelekwa kwa mawakili, hospitalini, kwa wahasibu, kwa wanasayansi wa bahari na kwa wahandisi wa bandarini. Ada ni shilingi elfu tatu, mbali na nauli na chakula. Mwaka jana aliacha Fizikia akabaki na Biolojia na Kemia, kwa kuwa aliambiwa wasichana wengi huifeli. Hisabati yake ni ya C. Tangu barua ifike, hana mazungumzo ila ya uhandisi. Nyanya yake asema mchagua jembe si mkulima, na kwamba likizo ni ya kusoma, si ya kuzunguka katika maofisi ya wanaume tusiowajua. Baba yake ameniachia uamuzi. Naogopa kumwonyesha mlango uliokwisha kufungwa. Nimpeleke, au nimwache asome?*

Mama, nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kwamba shilingi elfu tatu si kiini cha wasiwasi wako, wala wiki mbili za likizo si kiini chake. Unachokiogopa ni kwamba binti yako atasimama gatini Kilindini, aipende kazi anayoiona, kisha arudi nyumbani kugundua kwamba uamuzi alioufanya akiwa Kidato cha Pili umemfungia njia. Hofu hiyo ni ya haki, nami sitaipuuza. Jibu langu ni kwamba umpeleke, ila kwa masharti nitakayoyaeleza, na kabla hajaenda kuna mazungumzo juu ya Fizikia ambayo yampasa kuyafanya na walimu wake, kwa sababu programu haitayafanya kwa niaba yenu.

Kwanza tuondoe dhana moja ambayo nimeikuta kwa wazazi wengi na hata kwa baadhi ya walimu, nayo ni kwamba programu ya namna hii ni mahali pa kumchagulia mtoto kazi, kwamba ataingia Jumatatu hajijui na kutoka Ijumaa ya wiki ya pili akiwa wakili au daktari mtarajiwa. Ingekuwa hivyo, nyanya yake angekuwa na haki ya kumtajia jembe. Kazi ya programu ni kumwonyesha mtoto mambo ambayo darasani hayaonekani: siku ya kazi inavyokwenda tangu asubuhi hadi jioni, watu waliomo, namna walivyofika hapo, na gharama waliyoilipa. Katika miaka yangu ya kuwasindikiza wasichana, baadhi ya matunda bora niliyoyaona yalikuwa ya msichana kurudi akisema, "Hii siitaki." Mmoja alikuwa ametamani uwakili tangu shule ya msingi. Alikaa siku mbili na wakili, akaona kwamba sehemu kubwa ya asubuhi ni kungoja kesi iitwe, na sehemu kubwa ya alasiri ni kusoma na kuandika peke yake mbele ya rundo la faili. Mwenzake aliyekaa kiti cha pili, ambaye hakuwa amewahi kuufikiria uwakili, aliyapenda mambo hayohayo. Wote wawili walifaidika sawasawa.

Dhana ya pili inahusu cheti. Utapewa cheti kizuri chenye muhuri, na huenda ukaambiwa kwamba kitamsaidia kupata nafasi chuo kikuu. Nafasi zinazogawiwa na KUCCPS, shirika la serikali ya Kenya linalowapangia wanafunzi vyuo, hutolewa kwa alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na kwa masomo ambayo kozi inayahitaji, na cheti cha kutembelea ofisi hakina pointi hata moja humo. Kiwekeni kabatini, lakini msikilipie.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa linalonifanya niseme mpeleke. Mtaalamu wa Marekani, Linda Gottfredson, aliandika mwaka 1981 kwamba watoto hawaanzi kwa kuchagua kazi, bali huanza kwa kuziondoa. Kati ya umri wa miaka 6 na 8 mtoto huondoa zile anazoziona kuwa za jinsia nyingine. Kati ya miaka 9 na 13 huondoa zile anazoziona kuwa duni mno au ngumu mno kwa watu wa hali yake. Na anapofikisha takriban miaka 14 ndipo huanza kujiuliza yeye mwenyewe anapenda nini. Kwa hiyo swali la "unataka kuwa nani?" tunaloliuliza shule ya upili humkuta msichana akiwa na orodha iliyokwisha kupunguzwa, na aghalabu hakumbuki kwamba aliipunguza. Miaka miwili baadaye, 1983, David Chambers alichapisha matokeo ya watoto 4,807 walioombwa kumchora mwanasayansi. Waliomchora mwanamke walikuwa 28 tu, na wote walikuwa wasichana. Mtoto huchora alichokiona, na ambacho hajakiona hukiweka nje ya karatasi.

Hapo ndipo ile sentensi ya "wasichana wengi huifeli Fizikia" inapofanya kazi yake. Haikumwambia binti yako lolote kuhusu akili yake, wala haikutazama alama zake mwenyewe. Ilimwambia tu kwamba somo hilo si la watu kama yeye. Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alieleza kwamba imani ya mtu kuwa ataliweza jambo hutokana na vyanzo vinne: kulifanya mwenyewe na kufaulu, kumwona mtu anayefanana naye akilifanya, kuambiwa na watu anaowaamini, na namna mwili wake unavyojisikia anapolikabili, kama vile moyo kumdunda au mikono kumtetemeka. Binti yako alikatishwa tamaa kwa chanzo cha tatu. Programu hii yaweza kumpa cha pili, na ikiwa imepangwa vyema, kidogo cha kwanza.

Mfano anao karibu. Elizabeth Marami, mwanamke wa kwanza nchini kuwa rubani wa meli, amefanya kazi bandarini hapahapa petu, na chama cha WOMESA, cha wanawake wa sekta ya bahari katika Mashariki na Kusini mwa Afrika, kilianzishwa papa hapa Mombasa mwaka 2007. (Watoto wa siku hizi wakisikia rubani hudhani ni wa ndege tu. Neno hilo lilikuwa la watu wa bahari kabla ndege hazijaruka, na mtoto wa Likoni anayevuka kivuko kila asubuhi anastahili kulijua.)

Hata hivyo, nisiutie chumvi uwezo wa mifano. Nchini Ufaransa wanasayansi wanawake walipelekwa madarasani kuzungumza na wanafunzi wa shule za upili kwa saa moja tu, na athari yake ikapimwa. Miongoni mwa wasichana wa mwaka wa mwisho wa mkondo wa sayansi, waliojiunga na masomo ya sayansi yenye ushindani mkubwa waliongezeka kutoka takriban 11 hadi 14 katika kila 100. Kwa saa moja, hilo si dogo. Lakini waliobadilika zaidi walikuwa wale ambao tayari walikuwa hodari katika Hisabati, na ilionekana pia kwamba wageni waliosisitiza mno jinsi wanawake walivyo wachache katika sayansi hawakuwa na mvuto mkubwa. Maana yake kwako ni kwamba ziara hupanua macho, haipandishi alama, na kwamba ukisikia programu inayotumia wiki mbili kuwahutubia wasichana kuhusu uchache wao badala ya kuwaonyesha kazi, utilie shaka.

Sasa Fizikia yenyewe. Nitasema wazi, kwa kuwa umeuliza wazi. Shahada ya uhandisi katika vyuo vikuu vyetu hudai Hisabati, Fizikia na Kemia, na asiyekuwa na Fizikia hawezi kuiomba kwa njia ya moja kwa moja. Ipo njia ndefu ya kuanzia stashahada na kupanda, na wengi wameipita, ila nayo mara nyingi huuliza Fizikia au somo la karibu nayo. Je, aweza kulirudia somo? Masomo ya KCSE husajiliwa mapema mwaka wa Kidato cha Nne, kwa hiyo kwa upande wa karatasi hajachelewa. Kwa upande wa ukweli wa darasani, atakuwa ameachwa nyuma kwa sehemu kubwa ya silabasi ya Kidato cha Tatu, pamoja na majaribio ya maabara ambayo hayasomwi kitandani usiku, huku Hisabati ya C nayo ikihitaji muda wake. Nimemwona msichana aliyerudi akafaulu, naye alikuwa na mwalimu aliyekubali kumfundisha likizo mbili mfululizo. Nimewaona pia waliorudi wakaishia kuharibu masomo mawili waliyokuwa wakiyaweza. Uamuzi huo usifanywe kwa hamu ya siku moja bandarini wala kwa hofu yako, bali ufanywe baada ya kukaa na mwalimu wa Fizikia, daftari la alama zake za Kidato cha Kwanza na cha Pili likiwa mezani. Alama hizo ndizo zitakazosema kama aliacha somo aliloliweza au alilolishindwa, na sioni katika barua yako kwamba kuna aliyezitazama.

Na endapo mlango huo utabaki umefungwa, bado siamini kwamba kumwonyesha bandari ni kumkatili. Msichana anayesema "uhandisi" mara nyingi hajui sehemu gani ya uhandisi inayomvuta. Yaweza kuwa ni mashine, na hapo Fizikia haina mbadala. Yaweza kuwa ni bahari, naye ana Biolojia na Kemia, ambazo ndizo masomo ya watu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani, wanaochunguza samaki, matumbawe na maji. Kama programu yenu inawapeleka huko, siku hiyo ndiyo ningependa ailinde kuliko zote. Au yaweza kuwa anapenda kupanga mambo makubwa yaende kwa saa yake, mizigo, meli na watu, na kazi hizo zina njia zake, mojawapo ikipitia chuo cha Bandari Maritime Academy. Hata sheria inafika baharini, kwa maana mizigo ikiharibika au meli zikigongana, kesi hupelekwa kwa mawakili. Hayo hayajulikani mpaka mtu aone na aulize.

Kuhusu fani nyingine zilizomo katika barua, mfahamishe urefu wa njia kabla hajaziona, ili asidanganywe na koti jeupe au joho. Udaktari ni miaka 6 ya chuo na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini, na ushindani wake kwa alama ni mkali mno. Uwakili ni miaka 4 ya shahada, kisha mafunzo ya Kenya School of Law pamoja na miezi 6 chini ya wakili mzoefu, na sharti ambalo wengi hulisahau ni kwamba alama ya jumla ya C+ iambatane na angalau B ya Kiingereza au ya Kiswahili. Msichana ambaye Hisabati inamsumbua lakini anayeandika insha nzuri asiidharau njia hiyo. Jaji Mkuu wa nchi tangu Mei 2021, Martha Koome, alianzia kwenye uwakili. Uhasibu una jambo lake zuri, kwamba mitihani ya CPA, yaani ya wahasibu wa kitaalamu, inayotolewa na bodi ya KASNEB, yaweza kuanzwa punde baada ya KCSE kwa mwenye C+, bila kungojea chuo kikuu. Na uhandisi ni miaka 5, kisha angalau miaka 3 ya kazi chini ya usimamizi kabla ya Bodi ya Wahandisi kumsajili kama mhandisi kamili. Fani zote hizi zina bodi na leseni, na ndizo zinazozitofautisha na kazi nyingine: shahada pekee haikuruhusu kuzitenda.

Nyanya yake nisimpite. Wasiwasi wake kuhusu maofisi ya watu msiowajua si ushamba, na waandaaji wazuri huwa na majibu yake kabla hawajaulizwa. Waulize kwa maandishi: ni mtu mzima gani, mwanamke, atakayekuwa na wasichana muda wote, je, kuna wakati wowote msichana mmoja atabaki peke yake na mwenyeji katika chumba kilichofungwa, watakusanyika wapi, watarudi saa ngapi, na nani atahakikisha wa Likoni wamevuka kivuko kabla ya giza, je, shule yake inawajua na imeandika barua. Binti yako ni mtoto kisheria hadi atimize miaka 18, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi kabla taarifa zake hazijatumiwa, kwa hiyo fomu ya picha uisome, na una haki ya kukataa picha zake zisitumiwe bila yeye kunyimwa nafasi. Waandaaji wakikasirishwa na maswali haya, rudisha fomu, hata kama ada umekwisha kulipa. Mpe binti yako pia namba 116, ya simu ya watoto isiyolipishwa, na umwambie kwamba mtu yeyote akimfanyia au kumwambia la kumtia aibu, ataondoka hapo kwanza na maelezo yatafuata nyumbani, wala hataulizwa kwa nini alikwenda.

Kuna hatari nyingine ndogo ambayo haizungumzwi sana, nayo ni ya kwenda bure. Wakati mmoja nilipeleka wasichana 12 katika ofisi ambayo sitaitaja, na kwa siku tatu walitengenezeshwa chai na kupigishwa nakala za karatasi. Kosa lilikuwa langu pia, kwa kuwa sikuwa nimekubaliana na wenyeji watoto watafanya nini. Tangu hapo naomba ratiba ya kila siku. Nawe iombe: bandarini waingie na vibali, kofia ngumu na viatu vilivyofunika vidole, waone karakana na si ukumbi wa mikutano pekee, hospitalini waelezwe siri ya mgonjwa kabla ya kukanyaga wodi, kwa mhasibu wapewe hesabu halisi ya kufanya, hata iwe ya duka.

Mfundishe pia kuuliza. Swali la "unaipenda kazi yako?" hupata jibu la heshima lisilo na kitu. Ajaribu haya: jana ulifanya nini tangu ulipofika? Ni sehemu gani ya kazi inayokuchosha? Ulishindwa wapi ukiwa njiani, na nani alikulipia karo? Ukiwa na mtoto mchanga ulifanyaje? Mwanamke aliye kazini akiulizwa swali hilo la mwisho na msichana wa miaka 16, husema mambo ambayo hakuyaweka katika hotuba yake. Kila jioni aandike ukurasa mmoja, hata kama ni kwenye kivuko akirudi, na mwisho wa wiki ukae naye muusome pamoja. Mengi atakayoyaona yatapotea yasipoandikwa.

Ikiwa baada ya yote haya elfu tatu haipatikani, au majibu ya usalama hayakuridhishi, usione kwamba likizo imepotea. Mahakama za Mombasa ziko wazi kwa umma, isipokuwa kesi za watoto na chache nyingine. Nenda naye asubuhi moja, mkae nyuma, mzime simu, mtazame mawakili wakifanya kazi. Kisha siku nyingine nendeni Mahakama ya Kadhi, ambako mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu husikizwa. Utakuwa umemwonyesha fani moja barabara, kwa gharama ya nauli, nawe ukiwa ubavuni pake.

Kuhusu kusoma likizo, wiki mbili kati ya likizo hiyo zikienda kwa programu, asubuhi zinazobaki zitosheleze Hisabati ikiwa atapangiwa. Ila nikuonye: ukiona kwamba hamu hii ya uhandisi inaambatana na kukosa usingizi, kulia juu ya masomo aliyoyaacha, au kusema kwamba maisha yake yamekwisha kuharibika, hilo si suala la programu wala la jibu la kuandikwa kama hili. Mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha wa shule, na ikibidi, kwa mshauri nasaha au daktari ana kwa ana.

Limebaki la yule mdogo, ambaye umemtaja kwa mstari mmoja nami nimemfikiria zaidi ya dada yake. Yuko Gredi ya 9, na ndiye anayechagua sasa mkondo wa sekondari ya juu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; au Sayansi ya Jamii; au Sanaa na Michezo. Atafanya uamuzi ule ambao dada yake aliufanya kwa sentensi moja ya kusikia, tena akiwa na umri mdogo zaidi. Waulize waandaaji kama wanapokea wa umri wake. Wakikataa, dada yake akirudi jioni na ule ukurasa wake, mwambie ausome kwa sauti, mdogo akiwa hapo. Na kwa mwalimu wa Fizikia, nenda kabla shule haijafungwa, kwa sababu mwezi wa Agosti hutampata.